Rangi ya kucha kwenye filta

Mzee wa Gereji, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Kisauni, na kazi yangu ni mapishi ya oda: mahamri, vitumbua, mikate ya sinia, na sambusa ukiingia mwezi wa Ramadhani. Nina Probox ya 1.5 iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika, na ndiyo inayonivusha daraja la Nyali kila alfajiri kupeleka vyakula mjini. Likilala gari, na mimi nimelala.

Gari hilo hutengenezwa na ami yangu, mwenye gereji upande wa Changamwe. Babangu alipofariki ami ndiye aliyetusimamia, na siku nilipoolewa ndiye aliyekuwa walii wangu. Kwa hivyo sikuwahi kumuuliza bei wala sikuwahi kusimama juu ya kichwa chake akifanya kazi. Kila nikitimiza kilomita 5,000 namwachia funguo asubuhi, narudi alasiri, nalipa oili, filta na ufundi, namwombea dua naenda zangu.

Mwaka jana kijana wa jirani alinionyesha filta ya oili ilipo, chini kule, kwa kuchungulia na tochi. Nikaipaka nukta ya rangi ya kucha, nyekundu. Wallahi sikuwa na dhana mbaya, nilitaka tu niikumbuke siku nyingine. Sevisi ikafika, nikapeleka gari, jioni nikachungulia: nukta ipo. Nikasema labda macho yangu. Sevisi ya pili, ipo. Mwezi uliopita ya tatu, nukta ipo pale pale imefifia kwa vumbi, na mkononi nina risiti ya filta mpya.

Mama nilipomwambia alinyamaza kitambo, kisha akasema neno hilo lisitoke nje ya chumba. Mume wangu asema tuhame gereji kimya kimya. Mimi nimeona njia nyingine: nibadilishe oili na filta mwenyewe, hapa hapa nyumbani. Anayeweza kugeuza mahamri kwenye karai la mafuta ya moto sidhani kama atashindwa na nati moja.

Ila nina mashaka yangu. Uwanja wetu umetiwa kabro na mwenye nyumba ni mkali. Tena kuna kisima, tunakitumia nyumba nne. Oili chafu jirani ameshaiweka nafasi, ataka kupaka boriti zake kwa sababu ya mchwa. Kakangu asema niimwage kwenye mtaro ikaende zake baharini. Na ami je? Akiniuliza mbona siji, nimwambie nini?

Mwenye Probox, Kisauni

*

Marahaba, mwanangu.

Kisa chako nimekisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu, si kwa dharau. Miaka yote niliyokaa gerejini sikuwahi kufikiria rangi ya kucha. Sisi tulikuwa tukikwaruza kwa msumari.

Ami nitamrudia mwisho, ila nitangulize neno moja ili usije ukalala na kinyongo bure. Uliyemkabidhi funguo ni ami, lakini aliyelala chini ya gari lako huenda si yeye. Mwenye gereji akifika umri fulani magoti hukataa. Yeye hukaa kwenye kiti, hupokea wateja, na kazi kama sevisi huwaachia vijana wa spana. Hutoa pesa za filta, kijana hutumwa dukani, na njiani mambo hutokea. Mimi mwenyewe nilishaibiwa hivyo na kijana niliyemlea kama mwanangu, filta kumi na moja kabla sijajua. Sisemi ndivyo ilivyo kwa ami yako. Nasema nukta yako imethibitisha kwamba filta haikubadilishwa, haikuthibitisha ni nani aliyekula pesa.

Tuje kwenye gari lenyewe, maana hilo halingoji. Filta kazi yake ni kushika masizi na vumbi la chuma linalotokana na injini kujisaga yenyewe. Ikijaa, oili haipiti tena kwenye karatasi yake. Watengenezaji walilijua hilo, wakaweka vali ndogo inayofunguka ili injini isikose oili kabisa. Kwa hivyo gari halizimi wala halilalamiki, linaendelea na safari, lakini oili inayozunguka haijachujwa. Ndiyo maana mwizi wa filta hajulikani upesi. Na usiitazame rangi ya oili ukadhani itakwambia kitu, kwani oili mpya nayo huweza kugeuka nyeusi baada ya muda mfupi tu, hasa ndani ya injini ambayo haikutunzwa. Filta yako imekula zaidi ya kilomita 15,000. Ibadilishe wiki hii, usingoje sevisi ijayo. Hizo kilomita 5,000 zako nazo usiziongeze: safari fupi fupi, foleni, joto la Mombasa na vumbi, hayo ndiyo matumizi magumu yenyewe ambayo vitabu vya magari husema oili ibadilishwe mapema.

Fungua boneti utafute kibati chenye maandishi madogo. Humo mna neno ENGINE, na Probox nyingi za 1.5 zimeandikwa 1NZ-FE. Hilo ndilo jina utakalompa mwenye duka la spea, kwa sababu kitabu cha gari, kama kilikuja nalo, kimeandikwa Kijapani na hakitakufaa. Injini hiyo hunywa kama lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hivyo mtungi mmoja wa lita 4 watosha na hubaki kidogo cha kuongezea. Ukikuta injini nyingine, ujazo wake ni mwingine.

Oili nunua 5W-30. Wako watakaokwambia Mombasa ni joto, tia 20W-50 iliyo nzito. Hiyo ilifaa magari ya enzi zetu. Injini yako ina njia nyembamba za oili za kuendeshea VVT-i, ule mtambo unaorekebisha wakati wa vali kufunguka, na asubuhi unapowasha, oili nyepesi ndiyo inayofika juu upesi. Tazama pia herufi za API, alama ya kiwango cha oili, kwenye mtungi: za petroli huanza na S, na herufi ya pili kadiri inavyokwenda mbele ndivyo kiwango kilivyo kipya. SN ni ya 2010, SP ni ya 2020. Ukiona SF, hiyo ni ya magari ya miaka ya 1980, mrudishie mwenyewe. Na mtungi uangalie kifuniko: kama pete yake imekatika au imegundishwa, usiuguse hata ukipewa kwa nusu bei. Oili bandia zipo, na hazitofautiani kwa macho.

Vyombo si vingi. Spana namba 14, na ile ya duara ndiyo bora kwa sababu hailambi kichwa cha nati. Washa mpya, yaani kipete bapa, ya nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini; washa hiyo ni bei ya andazi na watu huibania. Karai pana la plastiki ambalo halitarudi jikoni tena, faneli, matambara, glavu za raba, maboksi ya kutandika juu ya kabro, na mfuko wa maranda kutoka kwa seremala. Oili ikidondoka, mwagia maranda yanywe, kisha zoa. Usipige maji, utaisambaza. Mwenye nyumba hatajua kitu. Na dera liache ndani, mwanangu. Vaa suruali, ufunge kilemba kisawasawa. Dera na feni ya gari havijuani.

Sasa jeki. Hapa nitakuwa mkali kama mwenye nyumba wako. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake. Nunua jozi ya stendi, au azima. Usidanganyike na mawe wala matofali. Jiwe letu la matumbawe lina vishimo ndani, laweza kubeba nyumba miaka hamsini likiwa ukutani, na likapasuka mara moja likielemewa pembeni. Pahali pawe sawasawa, handbreki juu, magurudumu ya nyuma yawekewe vigingi, kisha litikise gari kwa nguvu kabla hujaingia chini yake. Likicheza, usiingie. Na uvunguni vaa miwani hata kama ni ya jua. Hala hala mti na macho, na oili yenye mchanga ni mbaya kuliko mti.

Fanya asubuhi au baada ya alasiri jua likipoa, na kama kusi linavuma tafuta kikingo, kwani mchanga ukiingia kwenye mdomo wa injini umejiharibia kazi. Washa gari dakika tano hivi oili ipate uvuguvugu na kulainika, kisha zima. Oili iliyotoka safarini huunguza, na wewe wayajua mafuta ya moto kuliko mimi. Fungua kifuniko cha juu cha kutilia oili, kisha ndipo ushuke chini.

Nati ya sampu hufunguka kinyume cha saa, na ukiwa umelala chali mkono hubabaika, basi fikiria kabla ya kuvuta. Ikishalegea, malizia kwa vidole huku ukiisukuma ndani, halafu itoe kwa mara moja. Oili haitadondoka wima, itaruka kwa mbele kama maji ya bomba lililopasuka, kwa hivyo karai lisogeze. Iache itiririke robo saa, mpaka iwe tone moja moja. Rudisha nati na washa mpya, anza kwa vidole tena, kisha kaza kwa spana mpaka ishike, uongeze kidogo, basi. Wengi hapa huonyesha nguvu zao. Uzi wa sampu ukiliwa, utanunua sampu.

Filta ndiyo yenye hila, na ndipo nilipoaibika. Nilikuwa kijana, na Datsun 1200 ya mtu mkononi. Nilitoa filta ya zamani, nikatia mpya, nikawasha, nikamkabidhi mwenyewe. Alifika Makupa taa ya oili ikawaka, na nyuma yake barabara yote inang'aa. Raba ya filta ya zamani ilikuwa imegandia kwenye injini, mimi nikafunga filta mpya juu yake, raba mbili kwa pamoja. Mbili hazishikani, presha ikipanda, ya juu huchomoka na oili yote huenda. Siku hiyo mwalimu wangu hakunipiga wala hakunitukana. Alinipa ile raba ya zamani, akaniambia niivae mkononi kama bangili mpaka Ijumaa. Niliivaa.

Basi karai likiwa chini yake, izungushe filta kwa mkono. Yako imekaa muda mrefu, itakataa. Kuna spana yake maalumu ya mkanda au ya kofia. Watu hupiga bisibisi ikatokea upande wa pili wakazungushia, na mimi nimefanya hivyo, lakini ni kazi chafu, na bati likichanika utajuta. Ikitoka, itazame kwa juu: raba ipo? Kama haipo, imebaki kwenye injini, ibanduwe. Pangusa pale inapokalia kwa tambara safi, upitishe kidole. Ziweke filta mbili sambamba, mpya na ya zamani, uone uzi na mzingo wa raba vimelingana. Chovya kidole kwenye oili mpya, paka raba ya filta mpya, kisha ifunge kwa mkono mpaka raba iguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono, usilete spana. Hata mkono wa kukandia mahamri, na huo najua una nguvu, usizidishe.

Kutia oili ni rahisi. Tia lita 3 kwanza, ngoja kidogo, shusha gari likae sawa, pima kwa kijiti, uongeze kidogo kidogo mpaka ikaribie alama ya juu bila ya kuipita. Oili kuzidi nayo ni maradhi. Kifuniko rudisha kabla hujawasha, wako waliosahau. Washa: taa nyekundu ya oili itakaa sekunde chache filta ikijaa, kisha izime. Isipozima, zima wewe. Iache injini ingurume kidogo, chungulia chini kwa tochi kwenye nati na kwenye filta. Pakikauka, zima, ngoja dakika tano, pima tena. Itakuwa imeshuka kidogo kwa ile iliyoingia kwenye filta, ongeza. Andika kilomita kwenye daftari lako la oda. Na hata siku nyingine, taa hiyo ikiwaka ukiwa katikati ya daraja la Nyali na mahamri yanapoa nyuma, simama na uzime hapo hapo.

Oili chafu sasa. Kakako mwambie hapana, na jirani pia, japo huyo nina huruma naye kwa kuwa mimi nami nilipaka boriti zangu miaka mingi. Oili iliyopita kwenye injini imebeba vitu vinavyosababisha saratani, ndiyo maana nimekutajia glavu. Na chini yetu hapa ni matumbawe, yana matundu kama mofa. Ukimwaga kitu uani leo hakikai juu, chatafuta njia ya kisima. EPA, ile idara ya mazingira ya Marekani, husema galoni moja ya oili chafu yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Wewe wataka kumwaga karibu galoni nzima mbele ya kisima cha nyumba nne. Mtaro nao haupeleki kitu mbali; unaupelekea mkoko na kaa, na wavuvi wa Tudor ndio watakaokutana nayo. Kenya, kanuni za taka za mwaka 2006 zinaihesabu oili hiyo kuwa taka za hatari, na wapo wachukuzi wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, wanaoikusanya kutoka kwenye mapipa ya gereji na vituo vya petroli. Irudishe kwenye mtungi ule ule ulionunulia, na filta itoboe kichwani, iinamishe kwenye karai usiku mzima idondoke.

Na gereji yenye pipa unaijua.

Mumeo asema mhame kimya kimya. Ami atajua tu, Mombasa hii ni ndogo, atasikia kutoka kwa mtu mwingine na itakuwa vibaya zaidi. Mama asema lisitoke nje ya chumba, na hapo nakubaliana naye nusu: lisitoke kwa watu, lakini kwa ami mwenyewe lazima lifike. Ni walii wako. Kumficha ni kumhukumu bila ya kumsikiliza, na kama ni vijana wake, kila siku unayonyamaza wanazidi kumla yeye na wateja wake.

Nenda siku ya kazi, baada ya alasiri, vijana wakiwa wamekwenda kunawa. Chukua na sahani ya mahamri, usiende mikono mitupu. Msalimie, muulize afya, mwache akuulize watoto. Kisha mwambie: "Ami, nimejifunza kubadilisha oili mwenyewe, nimekuletea hii chafu uitie kwenye pipa lako." Mpe mtungi. Mpe na filta, nukta ikiwa juu, umwambie uliipaka lini. Tarehe tu. Usitaje risiti, usitaje pesa, wala usitaje sevisi ngapi. Yeye ni fundi, hesabu hiyo ataipiga kabla hujamaliza kukaa.

Akikasirika, kunywa chai yako uage vizuri. Akinyamaza, mwache anyamaze. Akiita kijana kwa jina, hapo ondoka upesi, hayo si yako tena. Na kama mkanda wa kufungulia filta umekushinda kuupata madukani, muombe wake kabla hujaanza kazi yote hii. Mwambie waazima tu.